Fundi Aliyerudi Ikinga

Simu ya shemeji wa rafiki yangu fundi ilinikuta Vwawa, mkono mmoja bahasha ya fotokopi, mwingine mkate. Alizungumza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyarudia maneno yale mara nyingi asubuhi hiyo: mzee amepumzika alfajiri, hospitalini, mapafu. Siku tatu tulizokaa msibani Tunduma, karibu kila aliyeingia aliuliza swali lile lile kabla hata hajaketi: alianguka? Mtu akishazoea kutembea juu ya mabati ya wenzake miaka yote ile, watu hutaraji afe kwa kuanguka. Hakuanguka. Aliugua homa ya mapafu, akalazwa, akafia kitandani kama karani, na najua hilo lingemchekesha, maana makarani aliwatania bila huruma. Mimi sikuweza kucheka. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki na jambo langu kifuani, jambo ambalo yeye alilijua na sasa hayupo wa kuniuliza habari zake.

Jina lake sitalitaja, wasomaji wa safu hii mnaijua desturi yangu, na kwa watu wa Tunduma halihitajiki. Ni yule aliyekuwa akiuza na kufunga sola nyuma ya stendi, kofia ya sufu kichwani hata jua likichoma. Alizaliwa Galula, kwenye mashamba na mashimo ya dhahabu, na ujana wake aliutumia kuwauzia wachimbaji tochi. Paneli yake ya kwanza aliilaza juu ya kibanda cha nyasi, akawa anachaji simu za wachimbaji. Akaja nayo Tunduma juu ya pikipiki, imefungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga, akawa anachaji simu za madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Hadi anafariki, sola alizofunga zilikuwa juu ya mapaa kuanzia Mbangala hadi milima ya Ileje, na sijui kama kuna mtu mwingine mkoa huu aliyenywa chai kwenye nyumba nyingi kuliko yeye.

Biashara yake ilikuwa ya ajabu kidogo, kwa sababu nusu ya siku aliitumia kuwakatalia wateja. Mtu akiingia dukani na kutaja ukubwa wa sola anayoitaka, yeye alimuuliza kwanza nyumbani kwake wanalala saa ngapi, nani anasoma, nani anasuka, redio inawashwa kwa ajili ya taarifa ya habari au tangu asubuhi. Mfanyabiashara mmoja mkubwa wa nguo pale mjini alitaka sola ndogo ya kuendesha friji, televisheni na pasi. Alisikilizwa kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaambiwa, "Tajiri, kwa pasi nunua mkaa." Tajiri akanuna, akaenda kununua kwingine, na baada ya mwezi akarudi na betri iliyokufa. Alipokelewa bila kusimangwa. Hilo nilimsifu usoni, nikadhani ni mbinu ya kibiashara. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa na sababu yake ya kutomcheka mtu aliyekosea.

Nje ya kazi alikuwa na mapenzi matatu. La kwanza ni kahawa. Mbozi yote inalima kahawa na Mbozi yote inakunywa chai, alikuwa akilalamika, na yeye peke yake alikaanga buni zake kwenye sufuria nyuma ya duka hadi majirani wakadhani kuna kinachoungua. La pili ni kwaya ya kanisani, ambako aliimba besi kwa juhudi kubwa kuliko kipaji. La tatu ni drafti. Aliicheza kwenye uwanja wa malori pamoja na madereva, Watanzania na Wazambia, kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kibemba cha sokoni, na alipokuwa anashinda hakuna mteja aliyeweza kumng'oa pale.

Siku moja, hata hivyo, aliacha mchezo aliokuwa anaushinda. Nilikuwepo, nikisubiri zamu yangu. Lakini ili mjue kwa nini alisimama, lazima nirudi nyuma miezi minane. Mwezi wa kumi alikuwa amepata kazi yake kubwa ya kwanza: nyumba tisa katika kata ya Ikinga, kule Ileje, kwenye baridi na ukungu. Ndani ya boksi la kila paneli palikuwa na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Aliisoma na kamusi pembeni, neno kwa neno, naye akajivunia sana kwamba yeye si fundi wa kubahatisha. Karatasi ilisema paneli ielekezwe kusini. Akaelekeza kusini, zote tisa, kwenye mapaa yale yenye mteremko mkali. Taa zikawaka, watu wakampikia kuku, akarudi Tunduma akiwa mtu mwingine. Karatasi haikumwambia kwamba iliandikwa kwa ajili ya watu wa upande wa pili wa dunia, ambao jua la mchana kwao hukaa kusini. Kwetu huku, miezi ya baridi ikifika, jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na paneli inayotazama kusini inakuwa imelipa kisogo.

Basi siku ile ilikuwa mwezi wa sita, saa sita mchana, baridi ya upepo na jua kali la usoni. Tulikuwa tumeweka ubao wa drafti upande mmoja wa lori na yeye akawa anasogeasogea kukwepa mwanga. Dereva mmoja wa Kizambia, mtu mzima, akamwambia wahamie upande wa pili. "Awe, mudala," alisema, yaani hapana, mzee, "mwezi huu kivuli kinakaa kusini tu. Sisi tunaolala chini ya malori tunajua." Wakahama. Fundi alikaa, akashika kete yake, akaiweka chini. Akatazama kivuli cha lori, akatazama juu, akatazama tena kivuli. Kisha akasimama na kuondoka bila kuaga, na dereva akaudai ushindi.

Nilimkuta dukani ameikunjua ile karatasi ya maelekezo. Akanieleza. Nilipoelewa, nilimpa ushauri ambao leo naona aibu kuuandika. Nilimuuliza kama kuna mteja aliyelalamika. Akasema hakuna hata mmoja. Nikamwambia basi anyamaze, nyumba zijazo afunge vizuri, za Ikinga zitajiendea, na mvua zikirudi jua litarudi upande wao. Funika kombe mwanaharamu apite. Nikamkumbusha na ule msemo mwingine tuupendao, kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Yeye alikuwa anatafuta lami ya kuzibia mabati. Aliniuliza kama nina koti zito, kwa sababu kesho yake angeondoka mapema.

Nilikwenda naye kwa udadisi tu, nakiri. Tulipanda kutokea Mpemba, pikipiki mbili, ngazi imefungwa ubavuni. Kwenye nyumba ya kwanza aliishi bibi mmoja na mjukuu wake wa kike wa darasa la sita. Bibi alifurahi kumwona fundi, akatuwekea viti karibu na moto. Mwenzangu akaanza kama mafundi wote wanavyoanza: "Pole sana, bibi, kwa taa kufifia." Bibi akajibu ameshapoa, ndiyo dunia. Akaeleza kwamba taa yenyewe haina kosa, ni huyu mtoto, mlafi wa mwanga, anasoma mpaka anaumaliza. Alishamkanya na kumchapa, na sasa ilikuwa mwezi mzima daftari zinafungwa mara baada ya kula. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuamini kwamba ni kweli.

Nilimwona mwenzangu akivua ile kofia ya sufu, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Akasema, "Bibi, naifuta hiyo pole yangu. Nilikosea. Sola niliigeuza vibaya mimi mwenyewe. Huyu mtoto hajamaliza taa ya mtu."

Bibi akauliza kwa Kiswahili chenye mwendo wa Kindali, polepole, "Kumbe si yeye?" Akaambiwa si yeye. Akamwita yule binti kwa lugha yao, akamshika mkono, wakaongea mambo ambayo sikuyaelewa na sikustahili kuyaelewa. Fundi akapanda juu kung'oa paneli, na mimi nikashika ngazi. Siku tatu tulizunguka nyumba zote tisa, akirudia neno lile lile kwa kila mwenye nyumba. Wawili walimtukana, mmoja akamwambia hamtaki tena kwake na akamfungia mlango mpaka mkewe alipomwombea. Nyumba ya mwisho walimpa mahindi ya kuchoma. Wengi walikuwa wamepata maelezo yao wenyewe ya giza lile: jirani mwenye husuda, shemeji anayechaji simu mbili, mke asiyezima taa ya jikoni. Nyumba tisa, na karibu kila moja ilikuwa na mtu aliyebebeshwa lawama kwa jambo asilolifanya.

Tangu safari ile nimelifikiria sana neno letu pole. Ni neno zuri, na wageni hulionea wivu, kwa sababu linamliwaza mtu bila kumuuliza maswali. Lakini kwa uzuri wake huo tumelifanya pa kujifichia. Fundi cherehani akikata kitambaa vibaya, pole. Ofisi ikipoteza faili lako, pole. Daktari, mwalimu, mkandarasi wa barabara, wote pole, kana kwamba balaa limetoka mawinguni na wao ni wapita njia wenye huruma. Mkoa wetu unabadilika haraka. Nguzo za umeme zinapanda milima ambayo yeye aliipanda na ngazi, na vijana wanafunga sola kwa kuangalia dira ya simu. Kosa lake lile hawatalifanya. Watafanya mengine, kama sisi, na nguzo na simu hazitawafundisha namna ya kurudi mlangoni kwa mtu na kusema ni mimi.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika katika safu hii kuhusu kijiji kimoja cha bondeni Momba ambako bomba la kisima lilivunjika. Niliandika kwamba limevunjwa na ng'ombe wa wafugaji waliohamia pale, na nikapamba kwa hasira, na wasomaji wengi mlinipigia simu kunipongeza. Niliambiwa hivyo na mtu mmoja na sikwenda kuona. Mwaka uliofuata rafiki yangu aliitwa kufunga pampu ya sola kwenye kisima hicho. Alifungua bomba la zamani akalikuta limeliwa na kutu kutoka ndani, chini kabisa, mahali ambapo ng'ombe hafiki hata akifundishwa. Alikuja kunieleza akiwa na kipande cha lile bomba mkononi. Nilisema ni habari ya zamani, watu wameshasahau. Hakubishana nami. Lakini mara moja moja, tukiwa kwenye drafti au kahawa, aliniuliza neno moja tu: "Bado?" Nami nilijua anauliza nini. Mara ya mwisho aliniuliza akiwa kitandani hospitalini, pumzi ikimpa taabu. Nikajifanya nadhani anauliza uji, nikamwambia unaletwa sasa hivi. Akageuza uso ukutani, akalala. Hilo ndilo nililokuwa nalo kifuani msibani, na sitapata tena nafasi ya kulijibu vizuri.

Juma lililopita nilikwenda bondeni. Nilikwenda kwa miguu yangu kwa sababu wengi wao hawasomi gazeti, na nilikuwa nimemwona fundi akifanya hivyo. Wafugaji walinikusanyikia karibu na kisima, nikawaambia ni mimi niliyeandika, niliandika uongo bila kuuchunguza, na ukweli niliujua miaka yote hii nikanyamaza. Nilijiandaa kwa matusi. Mama mmoja anayeuza maziwa, ambaye baada ya makala ile alizuiwa kuchota maji pale kwa msimu mzima wa kiangazi, alinisikiliza akiwa amesimama na dumu lake. Alisema yeye hana kinyongo nami. Halafu akauliza, bila ukali wowote, "Sasa wale waliosoma, mwandishi, utawapitia wote nyumba kwa nyumba?"

Nyumba tisa mtu huzimaliza kwa siku tatu, akiwa na ngazi na mtu wa kuishika. Kosa lililochapishwa na kuachwa likae, mwenye nalo hajui hata limelala kwenye nyumba ngapi, na hilo ndilo funzo nililolipata kwa kuchelewa: likiri mapema, lingali linafikika kwa miguu. Kwako wewe uliyesoma makala ile na kuiamini, hapa ndipo mlangoni kwako. Wafugaji wale hawakuvunja bomba. Nilikosea mimi. Tafadhali mwambie na yule uliyemsimulia.