Jiwe la Tate

“Na vita ikikuja, hiyo miungu ya Baroma ni nani alikuwa anaibeba?”

Tate, bibi yangu mzaa mama, aliniuliza hivyo huku akichambua maharagwe. Asubuhi ile, chuoni, profesa alikuwa ametueleza kwamba kila nyumba ya Warumi wa kale ilikuwa na miungu yake midogo karibu na meko, na familia haikula kabla ya kuimegea chakula. Nilirudi mtaani kwetu Katindo mbio. Hatimaye nilikuwa nimepata silaha.

Maana Tate alikuwa na jiwe. Alipokimbia kutoka kwao Masisi katika vita vya kwanza, alilifunga mgongoni kwa kikwembe kama mtoto: figa moja kati ya matatu ya jiko lake. Mtu anabeba jiwe kulileta Goma, mji uliokaa juu ya mawe ya volkeno, ambapo hata choo kinachimbwa kwa nyundo! Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mafiga mengine mawili aliyaokota uani tu. Na kila jioni, kabla ya kumgawia mtu yeyote, alibandika tonge la bugali juu ya lile la Masisi.

“Tate, we ni mupagani,” nilimwambia. “Baroma walifanya vilevile.”

“Mimi nilibatizwa mbele mama yako azaliwe. Hao Baroma wako, nani aliwabatiza?”

“Sasa bugali ni ya nani?”

“Ya jiwe. Lilipikia mama yako uji. Wewe unakula kila siku, umepikia nani?”

Kisha akauliza lile swali la vita. Nilikusudia kumpelekea profesa, lakini kabla ya somo lililofuata risasi zilianza kulia upande wa Munigi, na chuo kikafungwa. Mtaa mzima ulishuka kuelekea mpakani. Mama alitangulia na wadogo zangu. Mimi nilibaki kumtoa Tate, ambaye goti lilikuwa limemvimba, na ambaye alijikalisha kwenye mlango wa jiko.

“Bila jiwe siendi.”

Maharagwe yalikuwa bado yanachemka juu yake. Niliepua sufuria kubwa, ile tuliyoiita sungura, nikaondoa kuni, nikashika ndoo.

“Usilimwangie maji, mutoto! Litapasuka.”

Basi tukakaa, msomi na mbatizwa, tukingoja mungu apoe huku mabomu yakikaribia. Mimi nisiyesali nilisali. Sijui nilimwomba nani. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nikilitazama jiwe.

Lilipokubali kushikika, nililiviringisha katika vikwembe viwili, nikampa Tate, nikainama, nikambeba Tate mgongoni. Jiwe lilinigonga kifuani njia nzima, bado lina joto. Kijana mmoja aliyesukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, chenye magodoro alitupita akicheka.

“Mutoto anabeba tate, tate anabeba jiwe! Na jiwe linabeba nani?”

“Linawabeba wote wawili,” Tate alimjibu kutoka juu ya bega langu. “Toka njiani, tupite.”

Tulivuka. Vita vilipotulia tulirudi, na jiwe likarudi mahali pake. Profesa hakurudi, na somo lake halikumaliziwa.

Tate alikuwa ameshatutoka nilipokuja kujua kwamba Warumi wenyewe walisimulia jinsi miungu yao ya nyumbani ilivyookolewa katika mji uliokuwa ukiungua: mzee asiyeweza kukimbia aliishika mikononi, na mwanawe akambeba mzee mgongoni.