Shangazi Aliyepiga Simu Mapokezi

Ukifika Same mjini ukaulizia ofisi ya Zipora, utaonyeshwa duka la vifaa vya shule karibu na stendi. Usishangae. Ingia, lipite friji la soda, inua pazia. Huko nyuma kuna chumba chenye meza moja, feni inayohamisha joto kutoka kona hii kwenda ile, na mama wa miaka hamsini na miwili aliyebana simu kati ya sikio na bega huku mikono yake ikimenya chungwa. Kazi yake ni kutafuta watu. Si watu waliopotea, ingawa jirani mmoja aliwahi kumpelekea picha ya mumewe. Kampuni ikihitaji fundi au mhasibu aliyekwisha iva, humwambia Zipora, naye humtafuta mtu huyo huko huko aliko, kwenye kampuni ya wenyewe, amekaa kwenye kiti chake anakula mshahara wake kwa amani.

Mtu wa namna hiyo humpati kwa kubandika tangazo. Lazima umpigie. Na kama huna namba yake, unapiga kampuni anakofanya kazi, na huko anayepokea si yeye. Anapokea dada wa mapokezi, aliyewekwa pale makusudi kabisa awazuie watu kama Zipora.

Zipora aliwajua madada hao kwa sababu alikuwa mmoja wao. Miaka kumi na moja alikaa mapokezi kwenye shamba la mkonge ambalo siku hizi limebaki vichaka. Alijua kwamba dada wa mapokezi anaongea na watu mia kwa siku na wanaomsalimia hawafiki watano. Kwa hiyo yeye alisalimia, tena alisalimia kama watu wa milimani kwao, hakuacha kitu: umeamkaje, watoto wameamkaje, huko kwenu mvua imenyesha, mama hajambo, na ule mguu wake je? Daftari lake halikuwa na jina la meneja hata mmoja. Lilikuwa na majina ya mapokezi. "Irene, Moshi, kiwanda cha magunia. Mtoto ameanza darasa la kwanza. Usimpigie saa nne, anakunywa chai."

Na alikuwa na sharti moja, hasemi uongo. "Mimi ni Zipora wa Same, nimekuja kumwiba mtu wenu," alikuwa akisema, dada wa upande wa pili anacheka, na simu inaunganishwa. Alijivunia jambo hilo kuliko inavyompasa mwanakwaya wa Kilutheri. Wenzake wa Arusha walijifanya maofisa wa benki, walijifanya wachumba. Zipora aliwasonya.

Mwaka huu ndipo likamkuta la kumkuta. Bwana Elirehema, mtu wa kwao, alijenga kiwanda kidogo cha tangawizi milimani, mwendo wa nusu saa kutoka kijiji cha Bombo. Akaleta mashine ya kukaushia, kubwa, nzuri, na hakuna aliyeijua. Fundi wa kwanza aliunguza tangawizi ikatoka nyeusi kama mkaa. Huku nyuma wakulima walikwisha chimba, magunia yamejaa vibarazani, na unyevu wa milimani haumsubiri mtu. Zipora mwenyewe ndiye aliyesimama baada ya ibada akawaambia wasiwauzie walanguzi, wasubiri kiwanda. Nusu yao walikuwa ndugu zake.

"Dada Zipora, mpaka Ijumaa," Elirehema alimwambia. "Ikishindikana nawaita wale wa Arusha. Na hao ndugu zako utawaeleza wewe."

Mtu wa kazi hiyo alikuwepo, na uchungu wenyewe ni kwamba alikuwa mtoto wa Bombo. Anaitwa Sifael, anaendesha mashine kama ile ile kwenye kiwanda cha viungo huko Tanga. Zipora alipanda hadi kwa mama yake, Mama Beatha, mjane wa miaka sabini na nne, kuomba namba. Mama Beatha akatoa karatasi ndani ya Biblia. Namba nne, na zote hazipatikani.

"Hii ni ya Pasaka ya mwaka juzi," alisema, akizifuata kwa kidole. "Hii ya Krismasi. Kila akipiga ana laini mpya. Kuja, hajaja mwaka wa tatu huu. Ukimpata usimwambie nimelalamika. Wewe niambie tu sauti yake ikoje."

Basi ikabaki simu ya kiwanda, na kwenye simu ya kiwanda alikaa Saada.

Jumatatu Zipora alipiga. "Ofisi, karibu. Nani anaongea, kutoka wapi, kuhusu nini?" Maswali matatu kwa pumzi moja, bila pengo hata la kupenyeza shikamoo. Zipora akasema ukweli wake kama kawaida. Saada hakucheka. "Mafundi hawaitwi kwenye simu saa za kazi, mama. Andika barua pepe." Akakata.

Jumanne Zipora alijipanga na salamu. "Umeamkaje, mwanangu?" Salama. "Tanga mvua imenyesha?" Imenyesha. "Na mama, mama hajambo?" Simu ikakatika. Zipora aliilaumu mitandao, akapiga tena, na safari hii ikaita mpaka ikachoka.

Jumatano asubuhi Elirehema alimtumia picha ya gunia lililofunguliwa. Ukungu mweupe ulikuwa umetambaa juu ya tangawizi, na pembeni ulionekana mkono wa mtu aliyeshika gunia. Zipora aliutambua ule mkono, ulikuwa wa binamu yake. Aliiangalia picha ile muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi.

"Ofisi, karibu. Nani anaongea, kutoka wapi..."

"Mwanangu, mimi ni shangazi yake Sifael. Napiga kutoka Bombo. Nyumbani kuna jambo. Naomba niongee naye."

Kisha ikaja sauti ambayo Zipora hakuwahi kuisikia, laini, ya chini.

"Poleni sana, shangazi. Ni mama yake?"

Hapo alikuwa bado na nafasi ya kurudi nyuma, na mimi ninayempenda ningependa kuwaambia kwamba alirudi. Hakurudi. Alisema, "Ni mama."

"Nimeelewa. Nipe namba yako, shangazi, halafu usihangaike tena. Niachie mimi."

Zipora akakaa akisubiri Sifael apige. Alikwisha panga kila kitu: akipiga tu, kabla hajasema halo, atamwambia mama mzima wa afya, nisamehe, sikiliza habari ya mashine. Dakika mbili za uongo, basi. Alisubiri mpaka wenye duka wakafunga, na simu haikuita.

Yeye aliyepikia misiba mingi kuliko harusi alisahau inavyokwenda. Mfiwa haambiwi kwenye simu. Mfiwa huambiwa mama anaumwa kidogo, hupewa mtu wa kukaa naye safarini, na jambo lenyewe hulisikia akiwa nyumbani, ameketi chini, ameshikwa mabega. Saada alilijua hilo vizuri sana.

Alhamisi saa mbili asubuhi Saada ndiye aliyepiga. "Shikamoo, shangazi. Wameondoka na basi la alfajiri. Nimempa Rodrick wa stoo amsindikize. Sifael tumemwambia mama anaumwa tu. Simu yake anayo Rodrick, asije akapigiwa njiani na mtu asiye na busara. Sisi wafanyakazi tumetoa mchele na sukari, wamebeba. Msimwambie mpaka aketi."

"Saada, mwanangu, ngoja, mimi..."

"Usilie, shangazi. Jikaze." Nyuma yake simu nyingine ilikuwa inaita, akaenda kuipokea.

Zipora alipiga tena, akapokea mwanamume asiyemjua: Saada amekwenda kumwombea Sifael ruhusa ya msiba, labda atarudi mchana. Jambo kama lile unamwachiaje mtu wa kupita? Zipora alichukua pikipiki kwenda Bombo. Wakapita Kisiwani, wakapita Maore, vumbi likamjaa mpaka kwenye nyusi, kisha wakaanza kupanda. Alimhimiza dereva njia nzima. Sifael na mwenzake walikuwa wanakuja kwa upande wa Mkomazi, na alitaka kuwatangulia.

Aliwatangulia. Mama Beatha alikuwa mlangoni anachambua maharage, sufuria ya makande inatokota ndani. Zipora akapiga magoti pale pale kwenye maganda, akamwamkia, akaeleza yote, hata lile "ni mama". Alingoja afukuzwe. Moyoni alitaka afukuzwe.

Mama Beatha hakumfukuza. Aliweka ungo chini, akafikiri.

"Kwa hiyo anapanda huo mlima akijua nimekufa."

"Hawajamwambia, mama. Wamemwambia unaumwa."

"Kapewa wa kumsindikiza?"

"Kapewa."

"Basi anajua." Akasimama, akajishika kiuno, akachukua kigoda chake. "Nikae wapi ili anione mapema?"

Wakateremka naye pole pole mpaka kwenye kona ya njia, hatua mia mbili chini ya nyumba. Akaketi katikati ya njia, kitambaa cha kanisani kichwani. Mwenye kupita na mzigo wa majani alimkuta pale, akazunguka pembeni bila kuuliza.

Walitokea saa nane. Rodrick, mnene, jasho linamtiririka, begani gunia la mchele na mkono mmoja umeshika kiwiko cha Sifael. Sifael alikuwa anapanda huku akitazama chini, hakuinua uso hata mara moja. Angempita. Haki ya Mungu angempita.

"Sifael," mama yake alisema. "Unapita bila kusalimia?"

Mwanamume wa miaka thelathini na minane aliporomoka kwenye vumbi, akamshika mama yake miguu na kusema shikamoo, shikamoo, shikamoo, na kila shikamoo ilijibiwa. Rodrick alitua mchele akalia vile vile, kwa ajili ya mama ambaye hakuwahi kumwona.

Walipotulia, Sifael akamgeukia mgeni, akamwamkia Zipora kwa adabu, na Zipora akaipokea shikamoo ile asiyoistahili, kisha akasema yeye ni nani. Nisikae kuyarudia aliyoambiwa. Alisimama akayapokea.

"Wewe una watoto?" Sifael alimalizia.

"Ninao wawili."

"Ungependa wapewe habari kama hii juu yako?"

Aliyejibu ni Mama Beatha, na hakupandisha sauti.

"Muache, mwanangu. Kakosa, na kakiri. Lakini mimi nimekaa hapa miaka mitatu niko hai, hukuja. Nimekufa jana, leo umefika."

Makande yaliliwa jioni ile, na Sifael alikula akiwa ameegemea ukuta alioegemea mama yake, bega kwa bega.

Ijumaa alikwenda kiwandani. Alisema waziwazi haendi kwa ajili ya Zipora, anakwenda kwa sababu ya magunia aliyoyaona vibarazani mwa watu. Aliifungua mashine, akasafisha, akamfundisha Elirehema mwenyewe kupima joto, na saa tisa mzigo wa kwanza ukatoka mkavu, wa rangi ya majani makavu ya migomba. Binamu wa Zipora alitafuna kipande akakohoa kwa furaha. Sifael akasema atarudi Tanga kuaga kwa mdomo wake, atatumikia mwezi wa notisi, kisha atakuja kukaa. Akamtazama Zipora. "Lakini Saada utampigia wewe. Leo."

Zipora alizunguka zunguka uani kwa Mama Beatha mpaka saa kumi na nusu. Kisha akapiga.

"Ofisi, karibu. Nani anaongea, kutoka wapi, kuhusu nini?"

"Ni Zipora, mwanangu, ninayetafuta watu wa kazi. Yule wa Jumatatu. Na yule shangazi wa Jumatano pia ni mimi." Akasema yote, hata kwamba Sifael anaondoka.

"Kwa hiyo mama yake yupo?"

"Yupo. Yuko hapa anamenya viazi."

"Alhamdulillahi," Saada alisema, na pumzi ndefu ikasikika. Halafu akaongea taratibu. "Mimi wa kwangu niliambiwa hapa hapa mezani. Mtu alipiga, akasema mama yako amefariki, akakata. Simu nyingine ikaita, nikapokea. Nilipokea simu mpaka saa kumi na moja, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kupokea. Ndiyo maana nilisema Sifael asiambiwe hivyo."

Zipora aliikumbuka simu ya Jumanne iliyokatika, na ile lawama aliyowatupia watu wa mitandao. Machozi yalimtoka mbele ya watu wote. Alisema nisamehe, akarudia.

Saada hakusema amesamehe. Alisema, "Mpe mama simu."

Mama Beatha aliifuta mikono, akaipokea kwa mikono yote miwili. "Marahaba, mwanangu. Wamefika salama. Mchele nimeupokea, Mungu awabariki... Na wewe umeshindaje huko? Mvua je?" Akaendelea kama watu wa kule wanavyoendelea, bila haraka. Kisha akanyamaza, akasikiliza kwa muda mrefu sana, akiitikia tu, "Ehe. Ehe, mwanangu. Pole." Saa kumi na moja ilifika ikapita.

Zipora alikaa kwenye kile kigoda, akatoa daftari lake, akatafuta ukurasa mtupu. Akaandika: "Saada, Tanga. Usimuulize habari za mama. Mpigie hata kama huna shida."