Mstari wa Yohana Nilioufuta

Leo nimechinjwa mbele ya darasa zima, na aliyenichinja hakupandisha hata sauti.

Yohana, mwenzangu wa mradi. Yule mpole wa kijijini Bahi.

Tuliandika kerneli ndogo, ule moyo wa kompyuta. Programu ikitaka ukurasa, yaani kipande cha data, ambao haumo kwenye memori, kerneli inaachia kufuli linalozuia wengine wasiguse nafasi yake, inaufuata kwenye diski, kisha inajaribu upya.

Yohana akaongeza mstari: ukirudi, angalia kwanza kama nafasi ile bado ni ya programu ileile.

"Kwetu ukimfunga mbuzi ukaenda mtoni, ukirudi huvuti kamba kabla hujaona kilichopo upande wa pili."

Nilicheka mpaka machozi. Nikamwita mchunga mbuzi. Jana akiwa kwaya, nikaufuta mstari wake ili mashine ikimbie zaidi.

Leo mwalimu akaendesha programu moja kwenye kerneli niliyokusanya. Safi kabisa! Na mimi kwa kiherehere changu nikatangaza kwamba nimeondoa ushamba wa Yohana.

Akaendesha mbili kwa pamoja. Zikagombea nafasi moja, mashine ikafa palepale.

"Sifuri," akasema mwalimu. Darasa likaangua kicheko.

Nikamgeukia Yohana. "Kaka, si tumefeli wote?"

"Mimi niliangalia tena asubuhi, kabla ya kukusanya. Nikaona umefuta. Nikakusanya yangu peke yangu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungemsikiliza mchunga mbuzi?"

Haya, chekeni na nyie. Darasa zima ni yeye tu ambaye hakucheka, na hicho ndicho kinachoniuma.