Perege Waliochungwa Kama Ng'ombe

Nilimwahidi mama aliyenipa chumba kule Kisaka kwamba bwawa la kijiji halitafukiwa. Yeye ndiye aliyesimama mkutanoni, mbele ya wazee wasiopenda hata harufu ya samaki, akaomba lichimbwe. Sasa mkutano ulikuwa umetoa mwezi mmoja. Perege wakiendelea kudumaa, pangepandwa mihogo, na sauti yake isingesikilizwa tena pale.

Nilikuwa bwana samaki, nimetoka chuoni na daftari langu. Kila asubuhi nilimwaga pumba. Kila jioni zilielea vilevile. Nilipima kina cha maji, nikaongeza samadi. Sikuona badiliko lolote.

Jambo moja sikulitilia shaka, kwa kuwa niliona ndiyo bidii ya kijamaa. Wanakijiji wale walikuwa wafugaji, na mfugaji halali bila kujua kwamba mifugo yake imetimia. Basi jua lilipokaribia kutua, walioshika zamu waliingia majini na fimbo, wakapiga maji na kupiga mbinja, wakiwasukuma perege kwenye kona moja ili wawahesabu.

"Huyu nimeshamhesabu, amerudi tena!" mmoja alilalamika. "Bwana samaki, wafundishe ng'ombe wako kusimama!"

Tulicheka sote, isipokuwa yule mama.

"Mura," aliniambia, kama vijana wanavyoitwa huko, "ng'ombe aliyekimbizwa mpaka zizini, unamkamua saa ileile?"

"Hapana, mama. Atazuia maziwa."

"Sasa hawa unawakimbiza kila jioni, halafu kukicha unawaambia wale?"

Nilirudi chumbani nikafungua daftari. Yalikuwamo, kwa mwandiko wangu mwenyewe: ubongo wa samaki hutengeneza kemikali iitwayo dopamini, huitumia, huivunja, kisha hutengeneza nyingine, hofu ya mara kwa mara huweza kuvuruga mwendo huo, na samaki mwenye hofu huweza kuacha kula. Nilikuwa nimeyakariri kwa ajili ya mtihani. Sikuwa na chombo cha kupima ubongo wa perege hata mmoja, wala sina hakika hadi leo kwamba kiini kilikuwa dopamini. Lakini fimbo nilikuwa nikiziona kila siku.

Jioni iliyofuata niliwaomba radhi wenye zamu, nikasema kosa ni langu.

"Tusiwahesabu? Na wakipotea?" aliuliza mmoja wao.

"Watapotelea wapi, mzee? Bwawa halina lango."

Walinung'unika, lakini fimbo waliziacha. Hazikupita wiki mbili, pumba zikaanza kwisha kabla ya adhuhuri. Siku ya mkutano mwenyekiti alikwenda mwenyewe kutazama midomo ikipasua maji, akarudi akasema bwawa libaki. Yule mama akasimama tena, safari hii kuomba bwawa la pili, na hakuna aliyemkatiza.

Namshukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Chuo kilinipa maarifa. Yeye alinionyesha mahali pa kuyatumia.

Ndugu msomaji, ninakuomba jambo moja: ukipita penye bwawa la samaki saa ya kulishwa, simama kimya mpaka wamalize kula.