Magaga ya Baba Mdogo

Baba alikuwa fundi wa meno ya bandia. Alistaafu hospitali ya serikali miaka ile biashara zilipofunguliwa na watu wakaruhusiwa kutibu kwa malipo, akageuza chumba cha uani cha nyumba yetu ya Ipagala kuwa karakana. Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa vitu vilivyokwisha kutumika nje, na humo ndimo alimopata mashine yake ya mkononi: nene kama tochi ya betri mbili, yenye kijiwe kwenye ncha kilichozunguka kwa kasi na kulia kama nyuki. Kwa kijiwe hicho alisaga ufizi wa plastiki mpaka ukae sawasawa kinywani mwa mtu.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, nimesomea umeme, nangoja kazi. Ndiyo maana Jumamosi moja asubuhi, mashine ilipoanza kuunguruma bila kuzunguka, baba aliniletea mimi. Alisema bibi mmoja wa Buigiri, mwalimu mstaafu, angefika alasiri kuchukua meno yake, na meno hayo yalikuwa bado yanataka kusagwa mara ya mwisho.

Nilitandika gazeti barazani. Kwanza nilichomeka redio kwenye soketi ileile, ikaimba. Waya ulikuwa mzima, swichi ilikuwa nzima. Nilipoizungusha ncha kwa vidole niliiona nzito, kama inazunguka ndani ya uji. Na ilinuka. Haikuwa harufu ya waya ulioungua, hiyo naijua. Ilinuka kama kwato za ng'ombe zikichomwa.

Nikalegeza skrubu, nikaifungua.

Vumbi la plastiki nilikuwa nimelizoea. Ni la waridi, kavu, linapukutika. Hili lilikuwa la kijivu, limeshikana kwa mafuta, limejaa kila pembe. Kaboni, vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilikuwa bado ndefu, ila zilinasa kwenye vijumba vyake na springi hazikuweza kuzisukuma. Ugonjwa nilikuwa nimeuona. Nikainama, nikapuliza.

Uchafu ule ulinirukia usoni, mwingine ukaingia mdomoni. Ulikuwa na chumvi kwa mbali. Nikatema, nikafuta ulimi kwa ncha ya khanga, nikarudi kuchokoa kwa pini. Kwenye kijumba cha pili pini ikatoa kipande cha njano, kigumu, kimejikunja. Nilikiweka kwenye gazeti nikakitazama kwa muda. Ulikuwa ukucha wa mguu.

Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa anaishi kwetu tangu apunguzwe kazi kwenye shirika la umma. Maisha yake yote alikuwa na magaga; visigino vimepasuka kama udongo wa kiangazi, mama akilalamika kwamba vinachana mashuka. Mwezi ule alikuwa ameanza kuvaa makubazi, na visigino vyake vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga. Mimi nilidhani ni mafuta ya mgando.

Nilimkuta nyuma ya jiko anabangua karanga. Nilimuuliza, wala hakukataa. Alisema huwa anasugua kidogo tu, mchana, baba akiwa amelala. Nikamuuliza anatumia kijiwe gani.

"Hichohicho kilichomo," akasema. "Kukibadilisha kunanishinda."

Alisema hivyo akijitupia karanga mdomoni. Nilikimbilia bombani nikatapika chai yote ya asubuhi.

Baba nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni pa karakana, kwa maana sikutaka kugusa kitu mle ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akauliza kama mama anajua. Nikasema bado.

"Basi usimwambie. Isafishe, uifunge."

Nikamkumbusha kwamba mwezi uleule alikuwa amekwisha kuwapa watu wawili meno yao, na kwamba ya bibi yalikuwa yamekwisha kusagwa nusu. Akasema meno huoshwa kwa dawa. Hakunitazama alipokuwa akisema.

Niliisafisha. Nilichovya mswaki wa zamani kwenye spiriti, nikasugua kila pembe, nikafuta shaba mpaka ikang'aa, nikazilainisha kaboni hadi zikateleza zenyewe. Mikono yangu ilijua kazi. Nilipoiwasha, ikalia safi, nyororo, bila kutetemeka. Baba akaja na kijiwe kipya, bado kimo kwenye karatasi yake. Kile cha zamani alikifunga kwenye gazeti pamoja na ule ukucha, akaenda kukitupa chooni mwenyewe. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye kimemchefua.

Bibi alifika na basi la alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanisalimia kwa Kigogo, mbukwa, kwa sauti iliyovuja hewa. Baba alimtia meno. Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akaomba kitu cha kutafuna. Mama, asiyejua lolote, akamletea karanga za baba mdogo.

Bibi akatafuna taratibu, machozi yanamlengalenga. Akanishika mkono.

"Mwanangu, baba yako amesema mashine umeitengeneza wewe. Mungu akubariki mikono."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Baba alinitazama, nami nikamtazama. Nikasema, "Amina, bibi."

Jioni ile baba alinunua kufuli, mashine ikaanza kulala sandukuni. Baba mdogo hakugombezwa. Tulikula ugali sinia moja kama kawaida, yeye akinyoosha miguu yake mkekani, mimi nikisema nimeshiba. Niliendelea kushiba hivyo wiki nzima, mpaka mama akaniuliza kama nina mimba.

Baada ya mwezi bibi alimleta jirani yake, mzee asiye na jino hata moja. Bibi alimwambia baba kwamba tangu azaliwe hajawahi kuwa na meno mazuri kama yale. Baba akamkaribisha mzee kitini, akaanza kumpima, na mimi nikatoka. Wiki ileile nilipata kazi kwenye karakana ya kusuka upya nyaya za mota huko Kizota, nikapanga chumba hukohuko. Baba aliniuliza kwa nini nisiendelee kukaa nyumbani na kwenda kazini kwa baiskeli. Nikamwambia ni mbali.