Baba Alipoiomba Benki Radhi

Kwa miaka saba mashine yetu ya kukamua alizeti ilikoroma mchana kutwa kama mtu aliyeshiba, na kwa miaka yote hiyo ilikuwa mali ya benki. Baba hakupenda niseme hivyo. Alisema mashine ni yetu, benki inatusaidia tu kuitunza. Lakini mimi ndiye niliyetunza majalada, na nilijua kwamba kila skrubu yake iko rehani, pamoja na hati ya nyumba yetu ya Singida mjini. Hati hiyo mama aliiulizia kila Ijumaa, kama mtu anayemuulizia mtoto wa shule ya bweni.

"Haijarudi tu?"

"Bado, mama."

"Haya. Mwenyezi Mungu ailinde huko iliko."

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Kabla yake baba alikuwa na duka la kupimia watu sukari na sabuni kwa kibali, akiwa na hofu ya wakaguzi asubuhi na jioni. Biashara ilipofunguliwa, yeye na baba mdogo walikwenda kuandikisha kampuni. Kampuni yenyewe ilikuwa watu wawili, muhuri mmoja wa mpira, na kiwanja kilichojaa vumbi upande wa barabara ya kuelekea Ihanja. Kisha nami nikaongezwa. Nilikuwa nimemaliza kozi ya uhazili Tabora, najua kupiga taipu bila kutazama vidole, na majivuno yangu yalikuwa makubwa kuliko kampuni.

Tulikuwa na mikopo miwili, na baba aliipa majina ili baba mdogo asiichanganye. Wa kwanza aliuita deni la chuma. Huo ulikuwa mkopo wa muda mrefu wa kununulia mashine, na tuliulipa kidogokidogo kila mwisho wa mwaka. Wa pili aliuita deni la magunia. Kila mwezi wa tano, wakulima wanapoanza kuvuna, benki ilituruhusu kuchota fedha hadi kiwango fulani, tununue alizeti, tukamue, tuuze mafuta Dodoma na Mwanza, na kufikia Desemba tuwe tumerudisha zote. Deni la magunia ndilo lililolipa deni la chuma. Msimu ukikosa fedha, mashine inanyamaza. Mashine ikinyamaza, hati ya mama hairudi kamwe. Mambo yote ya kampuni yalikuwa hayo, na hata paka wetu nadhani aliyajua.

Naikumbuka harufu ya kiwanja kile mpaka leo. Mafuta mabichi ya moto, mashudu ya mbegu zilizokamuliwa yanayopoa kwenye turubai, na vumbi jekundu lililosafiri na magunia kutoka Ikungi na Iramba. Akina mama waliopepeta alizeti walizungumza Kinyaturu kwa kasi nisiyoiweza, ingawa bibi yangu mzaa baba alikuwa Mnyaturu. Wakitaka kunisema walinitazama kwanza, halafu wakacheka. Mchana tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, mikono ikiwa bado inateleza kwa mafuta. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile kazini tena, na nimefanya kazi ofisi zenye viyoyozi.

Mwaka wa nne wa deni la chuma, baba alitia nia ya kwenda Hija. Alikuwa ameweka akiba tangu zama za duka, na fedha yenyewe mama aliifunga kwenye kanga ndani ya sanduku. Sehemu ndogo alikuwa ameshaituma Dar es Salaam kwa kiongozi wa msafara. Nyingine angeipeleka mwenyewe akienda kupanda ndege.

Pale kwetu mtu hapandi ndege ya Makka hivihivi. Anapita kwanza kuomba radhi. Baba alizunguka mji mzima. Alimwomba radhi fundi cherehani waliyegombana naye juu ya mpaka wa ua. Alipanda lori hadi Shelui kumwomba radhi mzee mmoja ambaye yeye baba aliwahi kumuuzia gunia la sukari lenye unyevu. Alikwenda Ihanja akasimama mbele ya wakulima, akasema kuna msimu mmoja mizani yetu ilikuwa ikipunja na yeye alichelewa kuirekebisha, kwa hiyo wamsamehe, na wasioweza kumsamehe waje wadai kilo zao. Walikuja wawili. Aliwalipa, akawashukuru.

Hata sisi wa kiwandani alitupanga mstari. Alipofika kwangu alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, kama nimekukosea, nihalalishie." Nikajibu kwa haraka kwamba nimemhalalishia, maana nilikuwa karibu kulia na sikutaka wale akina mama wapate la kusema.

Ikabaki benki. Sheikh wetu alikuwa ameshamfokea kuhusu riba, na baba akaliweka jambo hilo katika orodha ya toba. Kuhusu deni lenyewe, sheikh alisema kwamba kama muda wake haujafika na mdai ametoa ruhusa, mtu anaweza kusafiri. Basi baba akaamua kuiomba benki ruhusa, na kwa kuwa ameshika kalamu, aiombe na radhi.

Ninaikumbuka barua ile yote. Alinisomea akiwa amesimama dirishani, mikono nyuma.

"Ndugu Meneja, asalaam aleikum. Ninasafiri safari ambayo mja hana hakika ya kurudi. Ninaomba ruhusa yenu. Kama katika kukopa na kulipa nimewakosea, nisameheni. Na kama deni hili litanishinda kwa kufikwa na mauti, msinishike nalo siku ya kiyama. Wadaini watoto wangu."

Niliacha kupiga taipu. "Baba, benki ina siku ya kiyama?"

"Andika."

"Lakini barua ya benki haiandikwi hivi."

"Meneja ni mtu. Ana mama na baba. Andika."

Alichotaka yeye kilikuwa kipande cha karatasi cha kuingia nacho kwa meneja wa tawi, waulizane hali za watoto, wanywe chai, apewe mkono, basi. Alikuwa akimfahamu meneja yule tangu siku ya kwanza ya mkopo. Lakini mimi nilikuwa msomi wa Tabora. Niliona aibu kampuni yetu kutoa karatasi kama ya kumwandikia jirani. Baba alipokwenda kuswali adhuhuri, niliipiga upya kwenye karatasi yenye kichwa cha kampuni. Nikaweka kumbukumbu namba. Nikaweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa na kukipigia mstari: MKOPO WA MUDA MREFU NA FEDHA ZA MSIMU. Nikagonga muhuri. Na chini kabisa, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, nikaandika: Nakala, Makao Makuu, Dar es Salaam. Baba alirudi, akatia saini huku akisifu ule mstari ulivyonyooka. Sidhani kama alisoma mpaka chini. Nakala niliitia posta mwenyewe, nikalamba stempu kwa raha zangu.

Meneja wa tawi alifanya kama baba alivyotarajia. Alitoa chai, akatoa mkono, akasema, "Mzee, nenda salama, utuombee na sisi." Baba alirudi akitabasamu. Jioni ile mama alianza kumshonea kanzu ya safari na kuandaa zile shuka mbili nyeupe za ihramu, na nyumba nzima ikanukia udi.

Wiki tatu baadaye meneja alikuja kiwandani mwenyewe, bila kutuma mtu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mwezi wa tano ulikuwa umeingia, malori ya kwanza kutoka Ihanja yalikuwa yameshashusha, na magunia yalipangwa mpaka karibu na mlango. Baba alikuwa amewaahidi wakulima fedha taslimu palepale, kwa kuwa wanunuzi wa kupita walikuwa wanangoja Shelui na fedha zao mifukoni.

Meneja alimwamkia baba shikamoo, akakataa kiti.

"Mzee, fedha za msimu zimezuiwa. Amri imetoka Dar."

"Zimezuiwa kwa kosa gani?"

"Wana barua yako. Kule sasa kuna kitengo kipya, kazi yake kusafisha madeni mabovu. Wao wamesoma kwamba mkurugenzi anasafiri, hana hakika ya kurudi, deni huenda likamshinda, na anaomba asidaiwe." Akajipangusa jasho. "Nimewaeleza kwa simu kwamba ni desturi ya Hija. Wanasema wanamtaka aliyetia saini aje mwenyewe, ajieleze."

Baba mdogo alijitolea kwenda. Meneja akasema hawatamkubali. Baba akauliza Dar wamempangia siku gani, na meneja akaitaja. Ilikuwa siku tatu baada ya ndege ya mahujaji kuondoka, na walikataa kuiwahisha. Baba akasema labda aende Makka kwanza, aonane nao akirudi. Lakini sote tuliweza kuhesabu. Akirudi kutoka Makka, alizeti yote ya Singida itakuwa imeshapita Shelui.

Baba hakunitazama. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilimkuta mama amekaa kitandani, sanduku liko wazi, ile kanga imefunguliwa. Baba alikuwa ameshatoka. Nilimkuta kiwandani kwenye mizani, analipa gunia baada ya gunia kwa fedha ya Hija, akiwaita wakulima mmojammoja kwa heshima zao zote, huyu baba fulani, huyu mama fulani. Mashine ikawashwa saa nne. Wafanyakazi walishangilia. Mimi nilikwenda nyuma ya rundo la mashudu, nikalia mpaka kichwa kikauma.

Kiongozi wa msafara akatumiwa simu kwamba nafasi ya baba apewe mwingine. Siku zilipofika, baba akapanda basi kwenda Dar es Salaam, akiwa amevaa kanzu ileile aliyoshonewa kwa ajili ya safari. Alikaa kwenye benchi la makao makuu kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Aliporudi alisema tu kwamba wale vijana ni waungwana, ila hawana muda. Fedha za msimu zilifunguliwa mwishoni mwa mwezi wa sita. Tulinunua tulichoweza, tukakamua, na Desemba tukalipa deni la magunia lote na fungu la deni la chuma kwa kukwangua mpaka chini ya sufuria.

Watu walipomuuliza kuhusu Hija alijibu, "Sikuitwa mwaka huu." Kwetu hilo ni jibu linalotosha, hakuna anayeuliza zaidi. Hakuwahi kutaja barua. Nami sikuwahi kutaja nakala. Niliendelea kupiga taipu barua zake, na kila nilipofika chini ya ukurasa vidole vilikuwa vizito.

Mwaka uliofuata mvua zilikuwa haba. Uliofuata, baba mdogo aliugua. Halafu sukari ikampata baba mwenyewe, ikamshika miguu, akawa anakuja kiwandani kwa baiskeli ya kusukumwa. Deni la chuma lilipomalizika, meneja mpya wa tawi alituletea hati ya nyumba ndani ya bahasha ya kaki. Mama aliifungua, akaigeuza mbele na nyuma, akasema imechakaa. Tulicheka siku nzima. Kama ningeweza kuirudia siku moja ya ujana wangu, ningeichagua ile, na kile kiwanja chenye vumbi, na baba amekaa juu ya gunia anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda.

Nilimwambia miaka mingine mitatu baadaye, alipokuwa hatoki tena kitandani. Nilikuwa nimemnawisha miguu na tulikuwa wawili tu. Nikaanza mbali, nikazunguka, kisha nikasema, "Baba, ile nakala ya Dar niliiweka mimi."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa angeiweka nani? Baba yako mdogo? Yule hata jina lake alikuwa analikosea."

"Ulijua?"

"Walinionyesha siku ya kwanza. Nikasema moyoni, tazama mstari ulivyonyooka." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamwinua mpaka kikaisha. "Nilikukasirikia. Nilikukasirikia kutoka Dar hadi Dodoma. Baada ya Dodoma nikaanza kuwaza alizeti."

Nikamwomba radhi, kwa maneno yaleyale ambayo watu wote wa Singida waliyasikia kutoka kwake. Akasema amenihalalishia zamani, nisirudie tena kumchosha kwa mambo yaliyokwisha. Nilijisikia mwepesi, nikaanza kumkausha vidole vya miguu kimoja kimoja kwa taulo, nikifurahi kama mjinga.

Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Ila Al-Kaaba," akasema, akitazama dari. "Ningependa kuiona."

Nilimfunika miguu.