Dakika Kumi Hadi Kisumu

Juzi nilipanda ndege Nairobi kwenda Kisumu, na rubani akatutangazia kwamba tutafika kabla ya saa moja kuisha. Nilikuwa nimekaa dirishani. Tulipokaribia kushuka, ukijani wa Kericho ukatokea huko chini, umekatwa vipande na barabara nyekundu. Rafiki yangu, papo hapo nilirudi darasa la tano.

Nililelewa na nyanya, tuliyemwita kogo, katika kishamba chake cha chai huko Kericho, upande wa kushukia Soin. Mama alikuwa ameenda Kisumu kufanya kazi ya nyumba, akaahidi kurudi Krismasi. Krismasi ikapita, na nyingine. Nami nikabaki ndani ya chai. Mbele chai, nyuma chai, na kila alasiri mvua ya kutufungia jikoni pamoja na moshi. Asubuhi tulichuma kabla ya shule, umande ukinilowesha hadi kifuani. Jumamosi ilikuwa kutwa nzima. Kogo alipenda kusema, "Chai haijui umechoka."

Siku moja mwalimu alichora ramani ubaoni, akaweka rula kutoka Nairobi hadi Kisumu. Mstari ukapita juu yetu kabisa.

"Na kutoka hapa hadi Kisumu, mwalimu?" nikauliza.

"Kwa ndege? Kama dakika kumi hivi."

Dakika kumi! Kwenda mtoni kuteka maji kulichukua zaidi ya hapo. Kumbe mama alikuwa karibu kuliko mto, na bado haji.

Jumamosi iliyofuata nilificha kikapu chini ya chai, nikafuata upande ule ndege zinakopotelea. Nilitembea hadi jua likawa la utosi. Chai ikaisha, yakaja mahindi, kisha miwa, na joto ambalo sikuwa nalijua. Nilifika Soin miguu imechubuka. Uwanda ulitandaa chini yangu, mpana, wa kijivu, usio na mwisho. Kisumu haikuonekana. Nikakaa kando ya barabara nikalia.

Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa ameshuka kununua mtama, ndiye aliyenikuta.

"Wewe! Unaenda wapi?"

"Kwa mama. Kisumu."

"Kwa miguu?"

Alinishika mkono, hakuuachilia mpaka mlangoni kwa kogo.

Kogo hakunichapa. Aliniosha miguu kwa maji ya vuguvugu, akanipa ugali na mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu yenye harufu ya mkaa. Kisha akasema, "Mama yako angekuwa na njia, angekuja hata kwa magoti."

Nilidhani ananibembeleza tu. Baadaye sana ndipo nilijua kwamba mwajiri alikuwa akifunga geti kwa kufuli na kukaa na kitambulisho cha mama. Mama alirudi nikiwa darasa la saba, akipanda kijia cha chai na mfuko mmoja, amekonda. Nilimpa mkono kama mgeni. Akaugeuza, akatazama vidole vyangu vilivyoingia weusi wa majani, akaketi chini palepale njiani. Kogo alinitazama, nikaelewa kwamba habari ya Soin nisiiseme.

Leo mama anaishi nami. Kogo hayupo, na chai yake iling'olewa ikapandwa mikaratusi. Katika mashamba makubwa ni mashine zinazochuma, na husikii tena kina mama wakiitana kutoka mstari hadi mstari. Yule jirani naye tulimzika. Wote waliojua kwamba niliwahi kumfuata mama wamekwenda, na mama mwenyewe sijamwambia.